Kiingereza cha Kunywa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mwaka jana niliinama, magoti yakalia, nikaingiza mkono chini ya kitanda cha bibi yangu katika nyumba yetu ya Badjanani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kuja Moroni kwa jambo lisilo na utamu wowote: mabati ya upande wa baharini yalikuwa yameoza, na fundi alitaka mwenye nyumba asimame chini amtazame akifanya kazi. Nikawa natoa vitu chumbani visije vikalowa. Nilitoa sanduku la nguo, nikatoa jiko la mafuta ya taa lisilo na tambi, halafu vidole vikagusa kipande cha mti laini, chenye kishikio upande mmoja na tundu la kupitisha kamba. Hata kabla sijakivuta nilijua ni nini. Ulikuwa ubao wangu wa chuoni, wa kusomea Kurani.

Nilikaa nao sakafuni, fundi akigonga juu ya kichwa changu, nikaunusa. Huenda ni uzee unaninyemelea, lakini naapa bado unanukia masizi. Kaa nami kidogo, rafiki yangu, maana kisa cha ubao huu kinajulikana mji mzima wa Moroni, tena kwa vicheko, na mji mzima umekijua vibaya. Kwa ukweli wake nilidhani nakijua peke yangu.

Bibi yangu alizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija. Katika ujana wake alikuwa yaya katika nyumba ya daktari Mwingereza, akawalea watoto watatu wa yule daktari tangu kunyonya hadi kuota meno ya pili. Mambo ya huko yalipogeuka alirudi katika kisiwa cha wazee wake ambacho hakuwahi kukiona, na sanduku moja, na mama yangu akimshika mkono, na mama mdogo akiwa mgongoni. Alirudi pia na Kiswahili chake, akakataa katakata kukitua. Mlangoni kwetu mtu aliacha Kingazija pamoja na viatu. Kwa hivyo mtoto wa nyumba ile alikuwa na Kiswahili cha ndani, Kingazija cha nje, Kifaransa cha skuli na Kiarabu cha chuoni. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa na lugha nyingi kuliko meno ya mbele.

Mama yangu alikwisha kwenda Marseille. Alikuwa akituma kanda za kaseti, na Ijumaa tuliziweka kwenye redio, sauti yake ikajaa chumba ikiuliza habari ya watu mmoja mmoja, sisi tukiijibu kana kwamba inasikia. Nilimpenda mama wa kaseti. Lakini aliyenisuka nywele, aliyenimwagia kata za maji ya mvua kutoka kwenye birika la mawe la ua, aliyenitoa mwiba, aliyelala nami kitanda kimoja, shavu lake limekauka msinzano, ule msandali wa kusaga ambao wanawake wetu hujipaka usoni, huyo alikuwa mama mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na moja hivi. Akicheka, msinzano ulipasuka ukamdondokea kifuani, na mimi nilikuwa nafanya vituko makusudi ili nione ule unga ukidondoka.

Ilikuwa miaka ya mamluki, askari wa kukodiwa walioishika nchi. Nilizaliwa baada ya wao kuja, kwa hivyo sikuwaona ajabu. Nilidhani kila nchi ina Wazungu wake wenye sare nyeusi, kama ilivyo na polisi na posta. Walipita njia ya bandarini katika gari lisilo na paa, na wanawake waliokuwa wakichagua samaki walinyamaza, wakaendelea kuchagua. Mmoja alikuwa akitoa salamu ya Kiislamu, tena kwa matamshi mazuri. Bibi alimwitikia kwa ukamilifu wake, kwa sababu salamu ni deni la Mungu, halafu gari likishapita alikuwa akitema mate pembeni, taratibu, kwa adabu.

Basi habari ikaja kwamba Mutsamudu, katika kisiwa cha pili, kumejengwa gati mpya ambapo meli kubwa hufunga kamba kabisa ukutani. Kwetu Moroni meli zilisimama mbali, zikakaa pale majini mchana kutwa, na mizigo ikaletwa kwa matishari. Ofisi moja ya wakala wa meli ilikuwa ikitafuta karani wa kuzungumza na mabaharia, na bwana mmoja wa Morisi angekuja Moroni kuwasaili watu. Kifaransa kilijulikana na wengi. Alichokuwa akitaka ni Kiingereza.

Mama mdogo alikuwa na Kifaransa cha skuli na mwandiko mzuri. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Bibi akavuta kiti cha ukili, akakaa, akasema, "Wiki tatu zinanitosha."

Hapo ndipo lilipoingia nyumbani kwetu lile neno la Kiingereza, *get*. Bibi alikuwa na imani yake juu ya lugha ile na hakuitoa kwenye kitabu chochote. Alisema Waingereza wana maneno makubwa makubwa, wameyakalisha sebuleni yamevaa soksi, yanangoja wageni. Kazi za nyumba hayafanyi. Kazi zote za nyumba hutumwa neno moja, dogo, halina hata jina la ukoo: huamsha watoto, huwavisha, huwapandisha garini, huwashusha, huwafukuza jikoni, huenda kuleta maji, huuguza, huponya, hurudisha watu majumbani. "Neno hili ndilo yaya wa Kiingereza," alisema bibi. "Ukimjua yaya, nyumba nzima umeijua. Mimi nilikaa miaka tisa sijui neno jingine, na wale watoto watatu walikua."

Mafunzo yalikuwa alasiri, baada ya vyombo kuoshwa, mama mdogo akisuka ukili na mimi nimelala kifudifudi juu ya jamvi na kipande cha shelisheli la kuchoma mkononi. Bibi hakufundisha kwa kukariri. Alifundisha kwa kutuma. Alimwamrisha mama mdogo kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, sauti ya juu, kavu, ya mwanamke mwenye haraka: simama, shuka, ondoka mlangoni, kalete kata, vaa viatu. Na mama mdogo, mtu mzima mwenye barua mbili za wachumba chini ya mto, alikuwa akipanda na kushuka kibaraza, akivaa na kuvua viatu, hadi jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama kuna maradhi. Nilicheka hadi shelisheli likanipalia. Sijawahi tena kuwa na alasiri zenye raha kama zile, ingawa nilijua zinaelekea wapi.

Mama mdogo alikuwa na kasoro moja: kichwa chake kilikuwa kizito kuhifadhi. Alifahamu leo, kesho likapeperuka. Bibi akaamua kumwandikia. Lakini bibi hakuwahi kwenda skuli ya Kizungu. Alikuwa akisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu. Na karatasi za daftari langu zilikuwa za hesabu, zenye miraba, alizozidharau. Akauangua ubao wangu wa chuoni kwenye msumari. Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda kijijini kwao Vouvouni kwa msiba, chuo kimefungwa, ubao mtupu. Bibi akasema Mungu amsamehe, ni kwa ajili ya riziki halali. Akachovya kalamu ya tete katika wino wa masizi, akaandika Kiingereza kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi za Kiarabu hazina sauti ile ya mwanzo ya neno, kwa hivyo aliazima kafu akaiwekea nukta tatu juu. Mistari ikashuka mmoja chini ya mwingine, kumi na tisa, kila mmoja na nukta zake tatu, na pembeni maana yake kwa Kiswahili: kuamka, kuvaa, kuleta, kufika, kulowa, kupona, kuelewa, kukasirika, kuolewa, kuzeeka, kuzoea. Ubao ulijaa ukapendeza kweli.

Siku moja lile gari la wenye sare nyeusi likapita nje tukiwa tunasoma, vikombe vikatetemeka kabatini. Bibi akangoja kimya kirudi. Kisha akasema lipo pia la ishirini: kumtia mtu mkononi, au kuitia nchi mkononi, asubuhi mapema watu wakiwa bado wanaswali. "Hilo Waingereza wanalo," alisema, "lakini wino wangu sitaupoteza."

Sasa niseme la moyoni. Watu wote walifurahi. Bibi alifurahi, mama alituma kaseti nzima ya furaha, jirani akaanza kuhesabu zawadi zitakazotoka Mutsamudu. Hakuna aliyesema kwamba mama mdogo anaondoka. Walisema anapata. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona jinsi mtu anavyopata halafu akabaki sauti ndani ya redio. Nikimwangalia akisoma ubao, midomo ikichezacheza, nilihesabu mistari aliyoihifadhi, na kila mstari ulioingia kichwani mwake ulimtoa kwangu.

Siku ya usaili alikuwa na mistari kumi na miwili. Saba ilikuwa bado inamponyoka. Alikuwa amepanga kuisoma asubuhi ile akinywa chai, halafu auchukue ubao chini ya buibui mpaka mlangoni kwa yule bwana.

Hapa lazima nikueleze jambo la chuoni, kama hukulelewa kwetu. Mtoto akishahifadhi aya zake, ubao huoshwa ili ziandikwe nyingine, na yale maji hayamwagwi ovyo, maana yamebeba maneno ya Mungu. Mara nyingi mtoto huyanywa. Ni kama lile kombe la zafarani analonyweshwa mgonjwa: kilichoandikwa kinaingia mwilini kikae. Lakini mwalimu wetu alikuwa na sheria moja ambayo aliitia mkazo kwa bakora: usioshe kabla hujahifadhi. Aoshaye kabla ya kuhifadhi, alisema, somo limemwacha. Kila mtoto wa Badjanani aliijua sheria ile.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka. Bibi alikuwa bado juu ya msala akivuta tasbihi. Mama mdogo alikuwa uani akioga, nasikia kata ikigonga ukingo wa birika. Niliuangua ubao. Niliuweka juu ya bakuli, nikamimina maji ya mvua, nikapangusa kwa kiganja kuanzia juu, kuamka, kuvaa, kuleta, hadi chini kabisa, na Kiingereza chote cha bibi kikateremka bakulini kama maji ya kuoshea sufuria. Nikayamimina katika kikombe cha mama mdogo, cha bati chenye ukingo wa buluu, nikajazia chai ya rangi yenye mchaichai na vijiko vinne vya sukari. Nikautundika ubao mweupe kwenye msumari wake.

Mama mdogo akaingia, nywele zinachuruzika. Aliutazama ubao. Akanitazama mimi, viganja vyangu vyeusi nimevificha nyuma. Akakitazama kikombe. Kisha akakaa, akakinyanyua, akanywa bila kupumzika mpaka kitako cha kikombe kikaonekana. Akajifuta midomo kwa ncha ya leso.

"Chai ya leo nzuri," alisema.

Bibi alipotoka chumbani na kuuona ubao, alishika kichwa. Mimi nikawa na jibu tayari, jibu zuri, la mtoto mwema: nimemwoshea anywe, ili maneno yakae tumboni yasimtoke. Bibi alisema "astaghfirullah", halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi tasbihi ikamdondoka. Mama mdogo naye akacheka. Akavaa buibui, akatoka kwenye mvua, mikono mitupu.

Yaliyotokea huko tuliyapata kwake mchana. Bwana wa Morisi alikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa, amekaa dirishani ili apate mwanga, makaratasi yake juu ya kizingiti. Akamsalimu kwa Kiingereza. Mama mdogo akaduwaa. Akamwuliza jambo, hakuelewa. Yule bwana akafunga daftari. Mara upepo ukageuza mvua ikaingia ndani, na mama mdogo, bila kufikiri, akaitoa ile sauti ya bibi, sauti ya yaya mwenye haraka, akamwamrisha kwa Kiingereza kisicho na doa atoke dirishani upesi, asije akalowa akaugua, akalete kiti chake huku. Yule bwana mwenye mvi akanyanyuka na kiti chake kama mtoto wa miaka minne, akahamia katikati ya chumba. Alipogundua alichokifanya akacheka hadi akavua miwani. Akasema mtu anayeweza kumhamisha yeye ataweza mabaharia, na mengine atayajua kazini.

Kwa hivyo ndivyo mji ulivyokipata kisa: mtoto aliyemnywesha mama mdogo Kiingereza, na Kiingereza kikamtoka mdomoni siku ya shida. Nilisifiwa barazani. Harusini walinionyesha kwa kidole. Jirani alimleta mwanawe aliyefeli hesabu, akauliza kama naweza kumwoshea ubao. Kila sifa ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwalimu aliporudi kutoka msibani alisikia. Nilingoja bakora. Hakuinyanyua. Aliniita mbele yake, wenzangu wakiendelea kusoma kwa kelele, akaniuliza kwa sauti ya chini jambo moja tu. "Ulipokuwa unapangusa, ulinuia nini? Maana amali hufuata nia."

Nikasema nilinuia apate.

"Haya," alisema mwalimu. "Kakae." Nadhani aliniamini. Nilikaa, nikasoma kwa sauti kuliko wote.

Mama mdogo aliondoka na sanduku lile lile lililotoka Unguja. Kitanda kikawa kipana. Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, nilipelekwa kumtembelea. Nilifika Mutsamudu asubuhi nimechoka kutapika, nikakuta mji uliokwea kilima, vichochoro vimefunikwa kwa juu, na mto, mto wa kweli, unapita katikati ya nyumba na wanawake wanafulia humo. Sisi wa Ngazija, kisiwa cha mawe meusi kinachomeza mvua yote, hatukuzoea maji yanayotembea. Hewa ilinukia karafuu zilizoanikwa. Watu waliongea kama sisi na si kama sisi, nikawa naelewa nusu na nusu nacheka tu. Mama mdogo akaja gatini amejifunga shiromani nyekundu na nyeupe ya wanawake wa kule, akamfokea baharia mmoja mrefu kwa Kiingereza cha watoto wa daktari. Baharia akatii.

Nilikuwa nimepanga kumrudisha. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Lakini niliona kufuli lake mwenyewe mlangoni, na jiko lake, na jinsi mwenye nyumba alivyomwita kwa heshima, na kikombe kile cha ukingo wa buluu juu ya rafu. Sikusema la kumrudisha wala la kuungama. Tuliogelea mtoni, nikarudi Moroni.

Basi, ndugu yangu, miaka ikafanya kazi yake. Wale wenye sare nyeusi walipanda ndege siku moja wakaenda zao, na wanawake wa samaki wakaendelea kuchagua. Bibi alifariki, Mungu amrehemu, na Kiswahili cha ndani kikafariki naye, maana leo watoto wa nyumba ile wananijibu kwa Kifaransa. Mama alizikwa Marseille. Mwalimu hayupo, na chuoni wanaandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari, hakuna kinachooshwa. Birika la ua limefunikwa kwa zege. Mimi nilifuata Kiswahili cha bibi hadi Dar es Salaam, nikawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, usicheke. Kila mwaka tukifika kwenye neno lile, wanafunzi hulalamika kwamba lina maana nyingi mno, na mimi huwaambia habari ya yaya, huku nikificha viganja nyuma bila kujua.

Bati lilipokamilika nilifunga ubao katika kanga, nikapanda ndege ndogo kwenda Mutsamudu.

Mama mdogo sasa ana miaka sitini na kitu. Mume amemtangulia, ofisi imempa mkono wa kwaheri, watoto wake wako kila mmoja na bahari yake. Magoti hayamruhusu kuteremka mtoni. Nilipoufungua ubao aliupapasa kwa gumba, kwenye kishikio. Kisha akaniamrisha kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile, nikalete sufuria.

Tulikwangua masizi ya kitako cha sufuria, tukatengeneza wino. Yeye ndiye aliyeandika, kwa herufi za bibi, kafu na nukta tatu. Kichwa kilichokuwa kizito kuhifadhi sasa kilikuwa kimehifadhi yote. Mimi mwalimu ndiye niliyekwama. Kuamka. Kuvaa. Kuleta. Kwenye kuolewa alicheka, kwenye kuzeeka akacheka zaidi. Tulipofika kumi na tisa aliinua kalamu.

"Na lile la gari la wanajeshi?"

"Liache," nilisema. "Wenyewe wamekwenda."

Ilikuwa alasiri, kimya, karafuu zinanukia kutoka sijui kwa nani. Nikaona kwamba nisiposema sasa nitakufa nalo. Nikamwambia. Nikamwambia sikunuia apate. Nilijua sheria ya chuoni. Nilipangusa ili maneno yamwache, ashindwe, abaki, na kwa miaka yote hiyo nimekula sifa zisizo zangu. Machozi yakanitoka, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Mama mdogo aliendelea kukausha kalamu kwa kitambaa.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona tangu uani, mlango ulikuwa wazi. Uso wako haukuwa wa mtoto anayesaidia."

"Mbona ulikunywa?"

Aliweka kalamu chini. "Mama yangu alifurahi niende. Dada yangu alifurahi. Mjini wote walinipigia vigelegele mpaka bandarini. Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu asiyetaka nitoke. Ningekimwagaje kikombe chake?" Akautundika ubao ukutani, wino ukauke. "Nilipokuwa mgeni hapa, nikilia, nilikuwa nakikumbuka kile kikombe. Najiambia, nina wangu kule."

Tulikaa hadi adhana ya magharibi.

Ndege yangu ilikuwa asubuhi ya siku ya tatu. Siku zile tatu hakuniuliza hata mara moja kwa nini naondoka mapema, wala lini nitarudi. Nilipoamka nilimkuta jikoni amenipa mgongo, anafunga mkate wa sinia kwenye kitambaa kwa ajili ya safari. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, mweupe, unachuruzika. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja cha bati, ukingo wa buluu umebanduka, chai ya rangi imejaa pomoni. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye vifundo, na hakuificha.

Nilikaa. Nilikinyanyua nikanywa bila kupumzika, kuamka, kuvaa, kuleta, kuzeeka, hadi chini, pamoja na masizi yaliyotuama. Nje gari la uwanja wa ndege likapiga honi.

"Chai ya leo nzuri, mama mdogo," nilisema, nikajifuta midomo kwa ncha ya kanga, nikaenda kuchukua sanduku langu.